Ua Lililopoteza Mlima

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Gare hana haja ya kuuliza amefika wapi. Chini ni nyika, mkonge na mibuyu. Ukishapita Soni hewa inapoa, na migomba inashika miteremko. Wasambaa tangu zamani waliitambua Shambaai kwa mimea yake: ukiiona, ujue nyika umeiacha, umefika nyumbani.

Milima hii ya Usambara ina ua dogo ambalo Waingereza huliita African violet. Violet yao ni ua la Ulaya, la ukoo mwingine kabisa. Yanachofanana zaidi ni rangi ya zambarau. Na hiyo African ni bara zima, ilhali porini mmea huu huota Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya tu, sanasana Usambara. Hata hivyo, ukilitamka neno hilo katika duka la maua London, utapewa unachotaka. Mwaka 1843 mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika kwamba mji wa Dartmouth, yaani “mdomo wa Dart”, ungebaki na jina lake hata kama mdomo wa mto Dart ungehama, kwa kuwa jina kazi yake ni kuonyesha kitu, si kukieleza. Nakubali kwamba jina la uongo huonyesha. Lakini jina pia hufundisha watu cha kukumbuka, na hilo Mill hakulipima.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia ionantha. Kinachoniuma ni kwamba mtawala huyo alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890. Lugha ya kuwauliza wenyeji jina la ua alikuwa nayo. Katika enzi hiyohiyo mji wa Lushoto, kwenye milima hii hii, uliitwa Wilhelmstal, jina lililokwenda na wenyewe.

Wajerumani wa kawaida, hata hivyo, huliita Usambaraveilchen, yaani violet ya Usambara. Undugu wa uongo wameuacha palepale, ila mlima wameutunza, na hiyo si tofauti ndogo. Jani moja la mmea huu ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi, kisha miche. Ndiyo maana limeenea madirishani duniani kote bila kurudi kuomba mbegu kwetu. La porini halina bahati hiyo. Hukaa kwenye ufa wa mwamba wenye kuvumwani, majani yake laini yenye vinyweleo yakitegemea kivuli. Mti wa juu ukikatwa, jua huyaunguza. Anayelimwagilia ua la dirishani kule Chicago, neno analolitumia halimpi sababu yoyote ya kuufikiria mti huo. Wa Berlin, angalau, anaweza kuuliza Usambara ni wapi na hali yake ikoje.

Kwa hiyo nawaomba wasemao Kiingereza waliite kwa jina la Usambara. Neno safari walilichukua kwetu likawakaa vizuri mdomoni. Na hili halitawashinda.