Bei ya Adhabu

Adhabu ina nyuso mbili. Uso mmoja hutazama nyuma, kwenye kosa lililokwisha tendwa. Wa pili hutazama mbele, kwenye mkono unaotaka kutenda. Mwaka 1968 mwanauchumi wa Marekani, Gary Becker, aliukazia macho uso wa pili. Mhalifu, kwa hoja yake, ni mtu wa hesabu kama mchuuzi: huweka faida ya kosa katika kitanga kimoja cha mizani, na katika cha pili ukali wa adhabu pamoja na uwezekano wa kukamatwa.

Hesabu hiyo ilifanywa miteremkoni mwa Kilimanjaro bila kitabu. Jalidi iliunguza mibuni ya Brazili mwezi wa Julai 1975, na bei ya kahawa ulimwenguni ikapaa. Mkulima wa Rombo aliitunza mibuni yake kihambani, chini ya kivuli cha migomba. Akavuna, akakoboa, akaosha, akaanika. Lakini sheria ilimpa mnunuzi mmoja tu, na ng'ambo ya mpaka, safari isiyozidi usiku mmoja, shilingi ya Kenya ilimngoja. Mpaka ulifungwa mwaka 1977. Magunia hayakukoma kuvuka. Hatari iliongezeka, nayo hatari ikawa sehemu ya bei. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Uhujumu Uchumi, katika vita alivyoviongoza Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mwaka uliofuata ikabadilishwa kwa nyingine.

Je, mkulima yule alikuwa mwizi? Kahawa ilikuwa jasho lake. Ni kweli pia kwamba dawa za zahanati na mafuta ya magari yalinunuliwa kwa fedha za kigeni alizozinyima nchi yake. Hapa hesabu ya Becker hunyamaza. Kama adhabu ni bei tu, aliyekwisha kuilipa hana deni. Lakini hakuna mwenye ng'ombe aliyeibiwa atakayekubali kwamba mwizi, kwa kutumikia kifungo, amemnunua ng'ombe yule. Mila ya Wachaga ilijua jambo hili: mkosaji alimlipa aliyekosewa, kwa mifugo, mbele ya wazee. Mwenye magendo angempelekea nani mbuzi wake? Serikali ilijiita iliyokosewa. Yamkini mkulima naye alijihesabu hivyo, na kila mmoja alikuwa na haki nusu.

Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Tendo la kumwuzia kahawa mfanyabiashara, lililokuwa kosa la jinai, likawa biashara ya mchana kweupe.