FUNGU LA MVUA NA FUNGU LA MASHINE



Wengi wetu tumezoea kupanga mambo kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Mtu husema, "Mimi kila mwaka hutoa magunia matatu," au, "Arusi ya kwetu haipungui kadha wa kadha," wala hajiulizi mwaka huu Mwenyezi Mungu amemruzuku nini. Sharia haikutufundisha hivyo. Hazina ya kale iliyofukuliwa ardhini hutolewa moja katika tano. Mazao ya mvua moja katika kumi. Yaliyonyweshwa kwa taabu moja katika ishirini. Mali ya biashara moja katika arubaini. Kila daraja ni nusu ya iliyoitangulia. Ibnul Qayyim, katika Zadul Maad, ameeleza hekima yake: taabu ya mtu ikizidi, fungu litokalo kwake hupunguzwa.

Natuitazame Nyeri, maana huko mas-ala haya yaonekana kwa macho. Othaya ina mvua nyingi. Kieni, katika kaunti hiyo hiyo, imekingwa mvua na milima, na wako wakulima huko wanaovuta maji mtoni kwa mashine na kununua mafuta yake. Wawili hawa wakivuna mahindi magunia 40 kila mmoja, wa Othaya atatoa manne, na wa Kieni aliyetegemea mashine tupu atatoa mawili. Mvua na mashine zikishirikiana nusu kwa nusu, ni matatu. Na ikiwa mvua imeyalea mahindi robo tatu ya umri wake na mashine robo iliyobaki, basi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafii kila sehemu hupewa haki yake, na jumla ni magunia matatu na nusu. Msomaji na ashike kalamu ahakikishe mwenyewe. (Hisabu hii ni ya aliyefikia nisabu, ambayo wengi wa wanaoipima kwa mizani za leo huikadiria kilo 653.)

Sasa tumrudie yule wa magunia matatu. Mwaka wa ukame alivuna 20 kwa mvua. Wajibu wake ni mawili, na la tatu ni sadaka. Mwaka wa neema alivuna 60. Wajibu wake ni sita, naye amelala usingizi akidhani ametoa, hali magunia matatu ya maskini yamo ghalani mwake.

Nyumba zetu za mjini ni vivyo hivyo. Mwenye duka ambaye pato lake limeshuka nusu, na bado anapika arusi kwa masufuria yale yale ya mwaka wa neema, hiyo tofauti aitoe wapi? Huitoa katika masomo ya watoto, au katika deni, au katika zaka yenyewe. Kodi ya nyumba haishuki, hilo twalijua. Lakini karamu yashuka, nguo zashuka, na ni haya ya watu tu yatuzuiayo kuzishusha.

Yako mawili ambayo huulizwa sana. Kahawa na chai za Nyeri si chakula cha kuweka ghalani, kwa hiyo katika madhehebu yetu hazina fungu la mavuno. Fedha zake ndizo zenye moja katika arubaini, zikitimia nisabu na mwaka. La pili ni mpunga wa Mwea, ambao mchele wake twaula hapa Mombasa. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi hutelemka yenyewe katika mifereji iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusi wa Hali ya Hatari. Imamu Nawawi ameyahisabu maji ya mifereji kuwa kama mvua: moja katika kumi. Lakini maji ya kununuliwa ni moja katika ishirini, na mkulima wa Mwea hulipa ada ya maji. Je, ada hiyo ni bei ya maji, au ni ujira wa kuutengeneza mfereji? Sisi twaiona ni ujira wa mfereji, kwa hiyo atoe moja katika kumi; na mwanachuoni aliye na hoja ya kinyume atuandikie, tutaichapa.