Kiporo na Tawakali

Wahenga wamenena kuwa akiba haiozi. Lakini Kitabu cha Kutoka chaarifu kwamba mana iliyobakizwa hata asubuhi na wale Wana wa Israeli waliokaidi amri iliota funza ikanuka. Basi mcha Mungu afunikaye ugali uliosalia ili uliwe kesho aweza kuulizwa swali ambalo si jepesi kama lionekanavyo: je, kuweka kiporo ni busara ya kusifiwa, au ni kumdhania Mola kuwa aliyeruzuku leo atashindwa kuruzuku kesho?

Swali hili halikai katika darasa za wanazuoni peke yake. Bungoma, na Kitale vilevile, sehemu za Kenya zisifiwazo kwa mahindi, hupanda mvua za Machi zinapoanza na kuvuna mahindi makavu kuanzia Oktoba. Na katikati yake ipo miezi, kama Mei na Juni, ambayo shamba hupendeza macho ilhali ghala la wengi limebaki vumbi, hata mkulima mwenyewe akawa mnunuzi, akipimiwa nafaka kwa gorogoro sokoni kwa bei ambayo asingeikubali wakati wa mavuno. Katika miezi hiyo elimu ya kupika chakula cha jioni kwa kilichopo huwa ni sehemu ya elimu ya kuishi.

Mtazame mama arejeaye nyumbani Kanduyi, Bungoma, wakati wa magharibi, mkononi ana nyanya mbili na kitunguu. Viazi vitamu vilivyosalia katika chai ya asubuhi huvimenya, akavitia katika sufuria ya maharagwe ya jana, akaongeza maji kidogo na chumvi, akaviponda kwa mwiko hata kiazi na haragwe visijuane, na mushenye ukawa tayari. Ugali wa mchana hukatwa vipande, ukabanikwa juu ya makaa mpaka ukafanya ganda. Na konzi ya omena kutoka mkebeni, ikiisha kuoshwa kwa maji moto na kukaangwa kavu, huungwa kwa kitunguu na nyanya zile, mchuzi ukaongezwa maji kwa kadiri ya vinywa vinavyongoja. Watoto hawajamaliza kazi zao za shule, na chakula ki tayari.

Je, mama huyu amepungukiwa na imani? Sioni hivyo, na hoja yangu naitoa katika vitabu vilevile. Mana ile ile iliyooza siku nyingine, ilipowekwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato haikuharibika. Kwa hiyo lililolaumiwa halikuwa kule kuweka, bali nia ya kuweka, maana wale wa kwanza waliweka kwa hofu na hawa wa pili kwa utii. Tena Injili ya Yohana yasimulia kwamba, baada ya maelfu kushiba kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, Yesu aliamuru vipande vilivyosalia vikusanywe, navyo vikajaa vikapu 12. Na yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakuwa na haja ya mabaki, bali aliistahi neema. Na Waislamu, ambao mjini Bungoma ni majirani wa Wakristo wa Marafiki (Quakers) na Wakatoliki, husoma katika Kurani jinsi Nabii Yusufu alivyoshauri mavuno ya miaka saba ya neema yaachwe katika masuke yake kwa ajili ya miaka saba ya dhiki, wala hakuna aliyemhesabu Yusufu kuwa mchache wa tawakali.

Hata hivyo nia njema haizuii chakula kuchacha. Mwaka 2004 watu 125 walifariki dunia mashariki mwa Kenya kwa sumu ya kuvu iliyoingia katika mahindi, na bila shaka miongoni mwao walikuwamo wachamungu. Maharagwe yaliyofanya povu usiku hayana haki tena juu ya tumbo la mtoto. Kumlisha hayo ni ubahili uliovaa joho la dini, ilhali mwili nao ni amana.

Lakini mtihani mkubwa zaidi wa kiporo ni nani anayekila. Zipo nyumba ambazo cha jana ni fungu la mtumishi na la yatima aliyepokewa humo, na cha leo ni cha baba na wanawe. Na wenye nyumba hizo hujisifu kwamba hawafanyi israfu. Wanasema kweli, ila wameepuka israfu kwa kuingia katika dhuluma. Yule mama wa Kanduyi hupakua mushenye katika sinia moja, naye mwenyewe akala humo. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama akiba yake imetoka katika imani au katika hofu, asiuulize moyo wake, maana moyo ni hodari wa kujitetea. Na atazame ni sahani ya nani inayopokea chakula cha jana.