JE, ANAYEJITOLEA BURE ANA DENI?



Katika parokia zetu za Bukavu neno hili linasikika mara nyingi: «Mimi nilijitolea bure. Sina deni la mtu. Nikichoka, naacha.» Sisi wenyewe tumelisema. Leo tulipime.

Tuanze na kosa letu. Miaka michache iliyopita tulikusanya vitabu vya watoto, tukapanda mashua kwenda Idjwi. Katika kijiji kimoja watoto walitupokea kwa nyimbo. Tukawaambia: «Tunawaazima hivi. Someni, tutarudi kuvibadilisha.» Tukapiga picha, tukarudi mjini, tukatoa ushuhuda kanisani, watu wakashangilia. Hatukurudi tena. Mafuta ya mota yalipanda bei, wengine wakapata kazi, wengine wakahama. Baada ya mwaka na zaidi, mama mmoja wa kijiji kile alitukuta sokoni Kadutu. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba binti yake amefunga kitabu chetu ndani ya mfuko wa plastiki, hakubali mtu akiguse, kwa sababu wenyewe watakuja kukichukua.

Ndugu, neno hilo lilituchoma. Kama tungesema «tunawapa», mtoto angekuwa na kitabu chake na habari ingeisha. Lakini tulisema «tunawaazima». Mwenye kutoa zawadi anaweza kwenda zake. Mwenye kuazima mtu kitu ameahidi kurudi.

Tazameni jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianza kule Garissa kupeleka vitabu kwa ngamia watatu, kwa sababu nchi ile ni ya mchanga, barabara ni mbaya, na wafugaji wanahama na mifugo yao. Ngamia mmoja si ajabu. Ajabu ni kwamba ngamia anarudi. Mtoto anasoma haraka kwa kuwa anajua sanduku litakuja tena na kingine.

Wengine watatuuliza: «Kidogo si bora kuliko kukosa? Mtoto si alipata kitabu?» Ni kweli, alipata. Lakini pamoja na kitabu alipata somo lingine, kwamba watu wa Mungu wanasema na hawatimizi. Kesho mtu mwingine akija na sanduku, nani atamwamini? Tumetumia imani ambayo haikuwa yetu peke yetu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: hiari iko mlangoni. Hakuna aliyetulazimisha kuingia. Lakini tukishaingia na kutoa ahadi, deni lipo, hata kama hatukulipwa hata faranga moja. Tena deni kwa mtoto ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye hawezi kutudai.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, yule Mwethiopia alikuwa na kitabu tayari mkononi. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye. Filipo alipanda garini, akakaa.

Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka huohuo alifungwa, akakaa gerezani miaka thelathini, mpaka alipofariki Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Hakusema: «Nilijitolea, sasa nimechoka.» Na hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa mikono ya waamini waliojitolea. Kama kila mmoja angebeba jiwe moja, akapigwa picha, akaenda zake, leo tungekuwa na rundo la mawe.

Basi tufanye nini? Tupeleke vitabu vichache, lakini turudi. Tutafute kijijini mama au mwalimu wa kuvitunza na kukaa na watoto hata sisi tukizuiliwa njiani. Tusiahidi tarehe tusiyoiweza. Na tukifika kwa yule binti, kabla ya kufungua sanduku, tumwombe msamaha.

Tunafundishwa Upendo, Amri na Kazi. Upendo ulitupandisha mashua siku ya kwanza. Amri inatukumbusha ahadi. Kazi ni kupanda mashua mara ya pili, siku ambayo hakuna nyimbo wala picha.

Mungu awabariki.