Kuitengeneza Nyumba Kabla ya Kuondoka

Someni: Isaya 38:1–5, Hesabu 27:1–7, Yohana 19:25–27.



Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa sana, ndipo nabii Isaya akamjia na neno la Mungu. Neno hilo lilikuwa na mambo mawili: kwamba atakufa, na kwamba imempasa kuyatengeneza mambo ya nyumba yake. Sisi tukisoma habari hii hushtushwa na lile la mauti, na lile la nyumba twalipita upesi. Walakini Mungu hakuliona kuwa jambo dogo la kuachiwa wenye kubaki. Alilitia katika kinywa cha nabii.

Tena angalieni yaliyofuata. Hezekia aligeukia ukutani, akaomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15. Basi agizo la kutengeneza nyumba halikumwua Hezekia. Nasema hivi kwa sababu wako wengi kati yetu, hata wazee wa kanisa, wanaoamini kwamba mtu akiandika wosia anajiitia mauti. Mkristo anayekiri kila Jumapili kwamba anangojea ufufuo wa wafu, aogopaje karatasi?

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe, ili mwalimu na mchungaji mwingine asilirudie.

Mzee mmoja wa usharika wetu, huku kwenye migomba na kahawa ya mlimani, alinijia jioni moja wakati wa masika. Alikuwa na daftari chini ya koti lake. Akasema, “Baba Mchungaji, nataka kuandika habari za kihamba changu. Mke wangu akae katika nyumba hii maisha yake yote. Binti yangu aliyenitunza nimempa sehemu ya kando ya mfereji. Uniandikie vema, uwe shahidi.” Mimi nilikuwa na kazi nyingi za Pasaka. Nikamjibu, “Mzee wangu, ngoja Pasaka ipite, tutafanya kwa utulivu.” Akaenda zake na daftari lake. Pasaka haikufika kwake. Homa ilimshika, na siku ya sita tulimzika.

Matanga yalipokwisha, ndugu zake wakaketi barazani. Mjane akasema, “Marehemu alikusudia kuandika. Mchungaji anajua.” Wote wakanitazama. Nikaeleza maneno yote niliyoyasikia. Kaka yake mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akauliza, “Karatasi iko wapi, Mchungaji?” Sikuwa nayo. Shauri lile likaenda mahakamani. Mjane akabaki nyumbani mwake, lakini sehemu ya kando ya mfereji binti hakuipata. Tangu siku ile watu wa nyumba ile huja Meza ya Bwana kwa zamu, hawa Jumapili hii, wale Jumapili nyingine. Kila nikiwapa mkate naikumbuka jioni ile.

Ndugu zangu, mtu akinyamaza, mwingine husema kwa ajili yake. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa wilaya nyingi za Tanganyika zilisema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo; sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao. Neno la kutunzwa ni zuri masikioni. Lakini mama asiye na mtoto, au aliye na mtoto mlevi, atakula neno hilo?

Wala jambo hili si geni mbele za Mungu. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakasema kwamba si haki jina la baba yao lipotee kwa kuwa hakuacha mwana. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki.

Katika nchi yetu pia shauri la namna hiyo lilisikiwa. Huko kwa Wahaya, mwanamke mmoja alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka, asiwe na mtu wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988. Jamaa yake akamshtaki, akisema kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa kuuza shamba la ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, ikiketi Mwanza, iliamua kwamba anayo haki hiyo sawasawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini je, ni vema kila mjane apande ngazi hata Mahakama Kuu, kwa sababu mumewe aliona haya kushika kalamu?

Basi waalimu, wafundisheni watu mambo haya, tena kwa maneno mepesi.

Wosia uandikwe mtu angali na akili timamu, wala asishurutishwe na yeyote. Utiwe tarehe na sahihi, au alama ya kidole gumba. Kwa kanuni zile za mila, mwenye kujua kusoma na kuandika atafute mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wengine. Mashahidi nao wajue kusoma na kuandika. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Mwingine atakayerithi asiwe shahidi. Ayataje mali yake waziwazi, na madeni pia, maana deni hulipwa kabla ya kugawa. Awataje watoto wote, hata wale wasiozaliwa katika ndoa, Mungu anawajua. Akibadili nia, aweza kuandika mwingine maadamu yu hai.

Wosia usifichwe darini mahali panya watakapousoma kwanza. Wakala wa serikali uitwao RITA huandika na kutunza wosia za watu. Na asiye na fedha za wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwapa maskini shauri bila malipo.

Mtu akiisha kufa, msimamizi wa mirathi huthibitishwa na mahakama, baada ya ombi lake kutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Akiteuliwa katika Mahakama ya Mwanzo, yampasa kupeleka orodha ya mali na madeni yote ndani ya miezi 4, na baadaye hesabu ya jinsi alivyogawa. Msimamizi si mwenye mali. Ni wakili, na Mtume Paulo asema kinachotakiwa kwa wakili ni uaminifu. Anayekula mali ya yatima kwa jina la usimamizi ni mwizi, hata akikaa benchi la mbele kanisani.

Nanyi wachungaji wenzangu, na mimi pamoja nanyi: tusimshurutishe mgonjwa aliachie kanisa shamba lake hali watoto wake hawana pa kulima. Sadaka ya namna hiyo ina machozi ndani yake.

Mwisho mtazameni Bwana wetu msalabani. Hakuwa na shamba wala nyumba, na nguo zake askari walikuwa wamekwisha kugawana. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Hata hivyo, katika uchungu ule, alimwona mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Alisema waziwazi, mbele ya mashahidi, ili asiwepo wa kushindana juu ya Mariamu. Ikiwa Mwokozi hakusahau kumtengenezea mama yake katika saa ya kutuokoa sisi, wewe una kazi gani kubwa kuliko hiyo, hata useme, “Nitafanya baada ya mavuno”?

Ndugu, ukiisha kusoma karatasi hii, mwite mke wako mketi pamoja. Na mtu akija kwako jioni na daftari chini ya koti, usimwambie angoje Pasaka.

Bwana atupe mioyo ya hekima, tuzihesabu siku zetu, tuwapende watu wa nyumba zetu hata baada ya kuondoka. Amina.