Pumzi Inayotoka na Inayoingia

Saa hizi, jikoni, yupo aliyeinama mbele ya mafiga. Apulizapo kwa pupa, majivu humrudia machoni. Apulizapo taratibu, kaa huitika.

Ndivyo ilivyo kwa anayeanza kujifunza kinanda cha mdomo, ambaye, kwa shauku ya kusikika hadi kitongoji cha pili, hupuliza kwa nguvu zote, matundu kadhaa yakalia kwa pamoja. (Wa nyumbani mwake, Mola awajaalie subira.) Apunguze pumzi. Akusanye midomo juu ya tundu moja. Apunguze tena. Kisha atambue jambo ambalo moto haukumfundisha: kwamba ndani ya tundu lile lile mna ndimi mbili nyembamba za madini, mmoja ukilia pumzi inapotoka na wa pili inapoingia, hata asiyejua kuvuta hukosa nusu ya sauti za ala yake.

Nawe uendaye shambani, dukani au darasani asubuhi hii, ni wapi katika kazi yako unapuliza tu, bila kuvuta?