Hofu na Haki ya Mtuhumiwa

Butimba, kando ya Ziwa Viktoria, pana chuo cha ualimu na pana gereza. Chuo hulea uhuru wa fikra. Gereza huzuia uhuru wa mwili, nalo halina uhalali ila kwa sheria. Je, magaidi wakitishia mji kwa bomu la nyuklia, yafaa tumtese mtuhumiwa ili aseme?

Jibu tunalo nyumbani. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, dola ilikabili mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Hatari ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ijapokuwa hakutesa mtu kwa mkono wake.

Tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kujilinda ni wajibu wetu. Lakini mtuhumiwa si mkosaji, na ukubwa wa bomu haubadili ukweli huo. Hofu inapozidi, ndipo sheria inapohitajiwa zaidi.